Kalibu na Negativu: Sonara na Mpiga Picha Mbele ya Mmea

Mhadhara kwa wanafunzi wa sanaa, masonara na wapiga picha



Nianze na kazi ya mkono. Chukua kijiti cha mnanaa. Kisimamishe kwenye kipande cha nta ndani ya kopo, kisha mimina uji mwepesi wa jasi, taratibu, mpaka kijiti kizame. Jasi ikishakauka, weka kopo zima kwenye tanuri. Nta inayeyuka na kutoka. Mnanaa unaungua ukawa majivu, na moto ukizidi hata majivu yenyewe karibu yote yanakwisha. Kinachobaki ndani ya jasi ni uwazi wenye umbo la mnanaa: kila mshipa wa jani, kila kinyweleo, hata tundu aliloacha kiwavi. Katika uwazi huo unamimina fedha iliyoyeyuka. Ukivunja jasi unapata mnanaa wa fedha, mmoja tu, maana mmea umeteketea na kalibu umeivunja mwenyewe.

Masonara mliopo hapa mnacheka, kwa sababu hivyo ndivyo mnavyosubu pete za nta kila wiki. Lakini kazi hii ina umri mkubwa. Wenzel Jamnitzer, sonara wa Nuremberg, Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1508 na kufariki mwaka 1585, aliijua kiasi cha kuwashangaza wafalme. Mwaka 1549 alikamilisha pambo la mezani la fedha, refu kama mita moja, ambalo leo liko katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Kuna sanamu ya mwanamke, na kuna nyasi na maua membamba mno kiasi kwamba mtazamaji hujiuliza ni patasi gani iliyoyachonga. Hakuna patasi. Ni mimea halisi ya Ujerumani ya karne ya 16, iliyoungua ili fedha ichukue nafasi yake.

Nawaomba mkae kidogo na ule uwazi ulio ndani ya jasi, kabla fedha haijaingia. Palipokuwa na kitu sasa ni patupu, na palipokuwa patupu pamejaa. Aliyewahi kuinua ukanda wa filamu kwenye mwanga wa dirisha anaujua ugeuzi huo, weusi ukawa weupe na weupe weusi. Kalibu ni negativu. Na wala si kufanana kwa sura tu, maana hata malighafi ilikuwa ile ile. Bamba la picha la Mfaransa Daguerre, ambalo siri yake ilitangazwa Paris mwaka 1839, lilikuwa shaba iliyopakwa fedha na kung'arishwa. Filamu na karatasi zilizokuja baadaye zilibeba chumvi za fedha ndani ya jelatini. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930, yeye na masonara wa Mji Mkongwe walikuwa wanaishi kwa madini hayo hayo, kila mmoja kwa mlango wake. Bibi harusi alikwenda kwanza kwa sonara, kisha kwa mpiga picha. Fedha ya wa kwanza ikaonekana kwa fedha ya wa pili.

Basi hoja yangu ni moja, na huenda ikawaudhi baadhi yenu. Kuchukua alama ya mmea, iwe kwa jasi au kwa lenzi, bado hakujawa sanaa. Ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Nusu ya pili inaanza msanii anapoamua akate nini. Nikiona hereni zenye umbo la jani zilizopangwa mia kwenye kabati la kioo la duka, au picha ya machweo ambayo kila mwenye simu anayo, naona nusu ya kwanza imefanywa mara mia na ya pili haijaguswa.

Kwa mfano wa kwanza nitapita haraka kwa Anna Atkins, ingawa anastahili mhadhara wake mwenyewe. Alikuwa mwanamke Mwingereza wa Kent, mtaalamu wa mimea, na kuanzia mwaka 1843 alianza kutoa kwa sehemu kitabu chake cha mwani wa Uingereza. Hakutumia kamera. Alitumia njia ambayo John Herschel, rafiki wa familia yao, aliigundua mwaka uliotangulia: karatasi inapakwa chumvi mbili za chuma, inakaushwa gizani, mwani unalazwa juu yake chini ya kioo, na vyote vinatolewa juani. Kisha unaosha kwa maji. Pale jua lilipofika panageuka buluu nzito. Pale mwani ulipolala panabaki peupe. Njia hii inaitwa sayanotaipu, na haina hata chembe ya fedha. Kitabu kilimchukua miaka kumi, kila ukurasa ukiwekwa juani kwa mkono, na hata maandishi yake ni mwandiko wake uliochapwa kwa jua hilo hilo. Wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani chenye vielelezo vya picha.

Kina mama wa Paje na Jambiani, ambao tangu mwisho wa miaka ya 1980 wamekuwa wakifunga mwani kwenye kamba na vigingi, wangeiona kazi ya Atkins na kumwuliza mara moja: mbona umeutandaza hivyo? Mwani ukitolewa majini hujikunja ukawa fundo. Swali lao ndilo swali langu. Kila utepe katika kurasa zile umetenganishwa na mwenzake, ukalazwa ili usipandane na mwingine, ukapewa nafasi nyeupe ya kupumua. Jua lilichapa tu. Mkono wa Atkins ulikuwa umeshamaliza kazi kabla jua halijafika.

Sasa nifike kwa mtu aliyenileta hapa, Karl Blossfeldt. Alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha milima ya Harz, Ujerumani. Wengi wanamjua kama mpiga picha, lakini kijana huyu alianzia kwenye kiwanda cha kusubu chuma cha mapambo huko Mägdesprung. Alijifunza kutengeneza kalibu miaka mingi kabla ya kugusa negativu. Baadaye alikwenda Italia kumsaidia mwalimu Moritz Meurer, ambaye alikuwa anakusanya mimea na kuisubu shaba nyeusi ili iwe vielelezo vya wanafunzi. Picha zilianza hapo, kama msaidizi wa ile kazi ya kusubu: mmea hunyauka, na mwanafunzi hawezi kuubeba kutoka Roma hadi Berlin ukiwa na umbo lake.

Kuanzia mwaka 1898 alifundisha Berlin, katika shule ya sanaa za ufundi, somo la kufinyanga kutoka kwenye mimea hai. Kwa zaidi ya miaka 30 alipiga picha kwa kamera kubwa ya mbao aliyojitengenezea, kwenye vioo vilivyopakwa dawa, akikuza vipande vidogo vya mimea hadi mara 30. Hakuona anafanya sanaa. Alizirusha picha hizo ukutani kwa taa mbele ya vijana ambao kesho yake wangetengeneza mageti, vinara na vishikizo vya milango. Mwenye nyumba ya sanaa Karl Nierendorf ndiye aliyezitoa darasani akazionyesha Berlin mwaka 1926. Miaka miwili baadaye kilitoka kitabu cha picha 120, *Urformen der Kunst*, na mwalimu wa miaka 63 akajikuta maarufu kwa vielelezo vyake vya darasani.

Tuitazame picha moja. Ni shina la mmea ambao Wajerumani wanaujua sana, jina lake la kisayansi *Equisetum hyemale*. Hauna maua. Hauna majani ya kusema. Ni shina lenye pingili kama muwa, jembamba kuliko penseli, na kwenye kila kiungo kuna ukosi wa meno meusi. Blossfeldt amesimamisha kipande kifupi katikati ya karatasi ya kijivu. Mwanga ni wa dirishani, laini, unatoka upande mmoja. Kivuli nyuma hakipo. Mifereji inakwenda wima, imenyooka, sawasawa. Udongo haupo, mzizi haupo, wala majirani zake hawapo. Mwandishi Mjerumani Walter Benjamin aliyaona mashina hayo akakumbuka nguzo za majengo ya kale, na katika kangaga lililojikunja akaona fimbo ya askofu. Mimi naona kitu cha karibu zaidi na meza ya sonara. Mmea huo una silika nyingi katika ngozi yake, na kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliutumia kusugulia vyombo vya bati na kulainishia mbao, kama mafundi wetu walivyotumia majani ya msasa kabla ya karatasi ya dukani. Mifereji ile mnayoiona katika picha ndiyo tupa yenyewe. Kinachopendeza machoni ndicho kinachokwaruza.

Blossfeldt hakukuta mimea yake ikiwa hivyo. Alikata. Aling'oa majani yaliyoziba shina, akapunguza matawi, akachagua moja lililonyooka kati ya mengi yaliyopinda, na wakati mwingine akagusa negativu yenyewe kwa brashi. Waliomsifu walipenda kusema kwamba ameacha asili izungumze. Sikubaliani. Asili inazungumza kama watu kumi kwa pamoja. Yeye aliwanyamazisha tisa. Alikuwa na jicho la msubuji, anayejua kwamba kila kinachobaki kwenye kielelezo kitaingia ndani ya kalibu, pamoja na uchafu.

Sonara René Lalique wa Ufaransa alifuata njia nyingine, nami nitakuwa mfupi kwa sababu ameshasifiwa vya kutosha. Pambo lake la kifuani la mwanamke kereng'ende, la mwaka 1897 au 1898, liko Lisbon katika makumbusho ya Gulbenkian. Lina upana wa zaidi ya sentimita 26: mabawa manne, kucha kubwa za dhahabu, na kutoka kinywani mwa mdudu anachomoza mwanamke wa jiwe la kijani. Lalique hakukata, aliongeza. Kusema kweli, huyo mwanamke sina haja naye. Mabawa ndiyo hunishika. Ameyajaza enameli isiyo na bamba la nyuma, vidirisha vidogo vilivyoshikwa na kingo za dhahabu tu, ili mwanga upite kama unavyopita kwenye bawa halisi. Pale alielewa bawa limejengwaje, hakuishia kwenye sura yake. Tena alikuwa na ujasiri wa kuweka pembe ya ng'ombe na kioo karibu na almasi, katika Paris ambako pambo lilipimwa kwa karati. Pembe ile ni jambo la kukumbuka kwetu pwani, ambako magamba ya ng'amba yalikuwa vitana na bangili hadi kasa wenyewe wakakaribia kwisha. Kuipenda asili na kuimaliza kumekwenda pamoja katika ufundi huu mara nyingi, na sonara asijifiche nyuma ya neno uzuri.

Niruke hadi Uholanzi, miaka ya 1960 na 1970. Gijs Bakker, aliyezaliwa mwaka 1942, pamoja na mkewe Emmy van Leersum, waliuliza swali ambalo masonara hawapendi: thamani ya pambo iko wapi, kwenye madini au kwenye wazo? Walitengeneza kola kubwa za alumini, madini ya sufuria. Kisha mwaka 1973 Bakker akafanya kazi aliyoiita pambo la kivuli. Waya mwembamba wa dhahabu unafungwa kwa nguvu kwenye mkono, unaachwa kwa muda, halafu unaondolewa. Pambo ni ule mstari mwekundu uliobaki kwenye ngozi. Baada ya muda unafutika, na kinachodumu ni picha. Mnaona tulipofika? Mwili umekuwa jasi, dhahabu imekuwa ule mnanaa unaotolewa, na mpiga picha amepewa kazi ya kuhifadhi ambayo zamani ilikuwa ya sonara.

Mwaka 1982 Bakker alitoa *Dew Drop*, nayo ndiyo ndoa kamili ya fani hizi mbili. Ni picha ya rangi ya ua la waridi, imekuzwa sana, matone ya umande yanaonekana juu ya petali. Picha imefungwa ndani ya plastiki ya PVC, ikakatwa kufuata ukingo wa ua, ikatobolewa tundu la kupitishia kichwa. Mvaaji anaivaa shingoni, na shingo yake inachomoza katikati ya waridi kubwa kuliko mabega yake. Haina dhahabu wala jiwe. Hata hilo tone la umande, ambalo sonara yeyote angelifanya lulu au almasi, ni picha tu. Kuna waliodhani ni mzaha. Ni mzaha, ndiyo, lakini wenye meno: karne nyingi wanawake wamevaa maua ya almasi yanayojifanya maua, na hapa kuna ua linalokiri wazi kwamba ni karatasi. Kilichokatwa safari hii ni ule uongo wa thamani.

Wapo wanaoendelea na kazi hiyo leo. Bettina Speckner, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1962 na kusoma katika Chuo cha Sanaa cha Munich, huchukua picha za kale zilizopigwa kwenye bati la chuma, au hupiga zake za miti na mandhari na kuzichoma kwa asidi kwenye bamba la zinki. Bamba hilo hulifanya bizimu la kifuani, kisha hutoboa na kupachika jiwe au lulu pale anapotaka. Jiwe likiwa juu ya mti uliopigwa picha halijifanyi tunda. Limekaa tu, linakatiza picha, na jicho linalazimika kuchagua litazame mti au litazame kito. Mswidi Märta Mattsson huchukua nyenje na mbawakawa waliokufa, huwapaka shaba kwa umeme, akatengeneza mapambo ambayo nusu ya watu hawataki kuyagusa. Kuchukiza nako ni sehemu ya asili, na wengi wetu tunaikata bila kujua kwamba tumekata.

Hapa nyumbani tuna jiwe ambalo ni somo zima kwa fani zote mbili. Tanzanaiti iligunduliwa Mirerani mwaka 1967, na hadi leo haichimbwi mahali pengine duniani. Ukiligeuza jiwe hilo mkononi linabadilika: upande huu buluu, upande ule zambarau. Mpiga picha anaweza kukamata rangi moja kwa wakati mmoja, basi. Picha ya tanzanaiti daima ni ushahidi wa upande mmoja. Sonara naye ana uamuzi wake, kwa sababu namna anavyolielekeza jiwe wakati wa kulikata ndiyo inayosema rangi ipi itawale, na mara nyingi buluu iliyo bora inamgharimu uzito. Tena mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, ndipo hutiwa kwenye joto la nyuzi kama 500 ili buluu ijitokeze. Mnunuzi anaambiwa ni rangi ya asili ya Afrika. Ni ya asili iliyopita tanurini, nami sioni aibu yoyote katika hilo, ila tuseme ukweli kwamba kuna mkono wa mtu hapo.

Kuna pambo moja la pwani ambalo linanisumbua katika hoja yangu, na sitaliruka. Ni kikuba. Mama wa Lamu au Mombasa anachukua asumini zilizochumwa jioni kabla hazijafunguka, rehani, kipande cha mkadi, pengine petali za waridi, anavifunga pamoja kwa uzi na kuvibandika kifuani au kwenye nywele. Ukitazama mikono yake utaona hoja yangu inasimama: anachagua, anakata vikonyo, anatupa lililoguswa na mdudu. Lakini hatafuti alama idumu. Asumini zinafunguka usiku juu ya mwili wake kwa joto lake mwenyewe, zinanukia wakati anaotaka zinukie, na asubuhi kikuba kimesinyaa, kinatupwa. Jasi haiwezi kuchukua harufu. Lenzi nayo haiwezi. Nimewaona vijana wakisubu kikuba kwa fedha na kuuza kama kidani. Ni kazi safi, na wamekosa kila kitu. Afadhali yule atakayepiga picha uzi na kikonyo asubuhi, baada ya sherehe, au atakayetengeneza kishikizo cha fedha kizuri cha kubebea kikuba kibichi, kila jioni kipya.

Nasikia wanafunzi wakinong'ona kuhusu gharama. Ni kweli, fedha imepanda bei, na filamu kupatikana ni bahati. Lakini dawa za sayanotaipu ni chumvi mbili za chuma, ni rahisi kuliko zote, na maji yetu ya bomba yanatosha kuosha. Nimepaka karatasi jana usiku na kuziacha kwenye bahasha nyeusi. Ziko kwenye meza ile ya pembeni, pamoja na vipande vya kioo. Nje ya ukumbi kuna mkungu, kuna mbono, kuna nyasi kandokando ya mfereji. Msilete jani zima kama mlivyolikuta. Mkasi uko kwa katibu, na jua la saa tisa bado ni kali vya kutosha, kwa hiyo twendeni kabla wingu lile halijafika.